Dola Si Nyasi

Methali zina manufaa mengi, lakini zina dhara moja: humpa mvivu wa kufikiri mahali pa kulala. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Ni nadra kupata mkutano wa siasa, au baraza la kahawa, au darasa la historia katika Afrika ya Mashariki ambamo neno hili halijatumiwa kueleza mambo ya ulimwengu. Dola kubwa zikigombana, husemwa kuwa dola ndogo ni nyasi. Dola ndogo ikipiga kura katika Umoja wa Mataifa, husemwa kuwa imesukumwa. Ikinyamaza, husemwa kuwa imezibwa mdomo. Ikikata uhusiano na dola nyingine, au ikiurudisha, husemwa kuwa haikuwa na hiari. Msemaji hutikisa kichwa, wasikilizaji huguna kwa huruma, na swali lililostahili kuulizwa hubaki bila ya kuulizwa: ni nani aliyeamua, aliamua kwa sababu gani, na gharama ililipwa na nani?

Swali hili si la mapambo. Mapatano na mikopo, bei ya mafuta na ya ngano, vijana wanaopelekwa mpakani na baadhi yao wasirudi, vyote hivyo aghalabu huanza katika chumba ambamo watu wachache wameketi wakaamua. Ikiwa watu hao ni nyasi, basi hawana la kujibu. Maana ni nani aliyewahi kuzishitaki nyasi kwa kukanyagwa? Lakini ikiwa ni watu, wenye akili ya kupima na ulimi wa kukubali au kukataa, basi wanadaiwa hesabu. Methali iliyotungwa kwa kuwaonea huruma wanyonge imegeuzwa kuwa ngao ya wenye mamlaka. Hilo ni kosa, na halifai kuvumiliwa.

Lugha yenyewe imetiwa katika hila hii. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, nayo ni kauli njema ikitumiwa mahali pake. Walakini taarifa za serikali zimeifanya pazia. Huandikwa: imeamuliwa, imeonekana inafaa, imebidi, imelazimu. Msomaji wa taarifa hizo hudhani kwamba maamuzi huota yenyewe usiku, kama uyoga baada ya mvua. Kitenzi kipo, mtenda hayupo. Mwalimu wa sarufi akiona sentensi ya namna hiyo katika daftari la mwanafunzi humwuliza, "Nani?" Ni ajabu kwamba swali ambalo mtoto wa shule huulizwa juu ya sentensi moja, dola haiulizwi juu ya vita na amani.

Haki ya methali isidhulumiwe. Ni kweli kwamba dola ndogo huumia. Bei ya mazao yake hupangwa katika masoko ya mbali, fedha yake hutegemea sarafu za wengine, na askari wake ni wachache. Methali yasema kweli juu ya maumivu. Haisemi neno juu ya hiari. Nyasi huumia na hazichagui. Dola ndogo huumia na huchagua. Mtu aliyethibitisha kwamba dola fulani iliumia hajathibitisha bado kwamba haikuwa na njia nyingine. Ni mambo mawili, na kila moja lataka ushahidi wake. Ushahidi upo karibu. Tanzania katika miaka ya 1964 hadi 1968 ilikuwa dola changa na maskini. Kama palikuwa na nyasi duniani, ilikuwa hiyo. Basi na itazamwe ilitenda nini.

Shahidi wa kwanza ni habari ya Ujerumani mbili. Tangu mwaka 1955 serikali ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na makao yake Bonn, ilishika kanuni iliyoitwa kwa jina la Walter Hallstein: dola yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imetenda jambo lisilo la kirafiki, na yaweza kupoteza uhusiano na misaada. Unguja, baada ya mapinduzi ya Januari 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki na kuupokea ubalozi wake. Tanganyika kwa upande wake ilikuwa na urafiki na Bonn, nayo Bonn ikaja kuisaidia kuunda kikosi cha ndege na kikosi cha ulinzi wa pwani. Aprili 26, 1964 nchi hizo mbili ziliungana, na nyumba ikawa moja yenye wageni wawili wasiosalimiana.

Bonn ilitaka mgeni wa Unguja atolewe. Unguja haikutaka kumtoa, kwa kuwa alikuwa amekuja na misaada, na miongoni mwayo ujenzi wa nyumba za wananchi. Palikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuitii Bonn na kuiudhi Unguja wakati Muungano haujatimiza mwaka. Ya pili, kuitambua Ujerumani Mashariki kwa Jamhuri yote na kuikosa Bonn. Ya tatu, kutafuta njia ya kati. Februari 1965 njia ya kati ilichaguliwa: ubalozi wa Unguja uondoke, na badala yake Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa kuwa dola. Bonn haikuridhika, iliondoa msaada wake wa kijeshi pamoja na wataalamu wake. Rais Julius Nyerere akajibu kwa kuitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali. Baadaye Kanada ikashika sehemu ya mafunzo ya kijeshi. Mtu anaweza kuusifu uamuzi ule, na mwingine anaweza kuulaumu kwamba uliigharimu nchi maskini fedha iliyokuwa ikizihitaji. Lakini hapana anayeweza kusema kwamba haukuwa uamuzi. Nyasi hazirudishi zawadi.

Shahidi wa pili ana nguvu zaidi. Novemba 11, 1965 Ian Smith na walowezi wenziwe wa Rhodesia walijitangazia uhuru ili utawala wa wazungu wachache udumu. Uingereza, iliyokuwa na mamlaka ya kisheria juu ya koloni hilo, ilikataa kutumia silaha. Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa wakaazimia kwamba, ikiwa Uingereza haitakuwa imeuvunja uasi ule ifikapo Desemba 15, nchi wanachama zikate uhusiano wa kibalozi nayo. Umoja ulikuwa na wanachama 36. Siku ilipowadia, waliolitimiza azimio walikuwa tisa tu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Desemba 14 Nyerere alisimama Bungeni akaeleza sababu, na siku ya pili yake uhusiano ukakatwa. Mkopo wa Uingereza wa paundi 7,500,000 uliokuwa ukingojewa ukazuiwa. Uhusiano haukurudi mpaka mwaka 1968, na Smith alikuwa bado yupo madarakani.

Lau kama dola ndogo zingekuwa nyasi, upepo mmoja ungezilaza zote upande mmoja. Azimio lilikuwa moja, siku ilikuwa moja, na tembo alikuwa yule yule; lakini 9 zilikwenda huku na 27 zilikwenda kule. Kenya haikukata uhusiano. Ilikuwa na hesabu zake na Uingereza, katika fedha za kununulia mashamba ya walowezi na katika mafunzo ya jeshi. Zambia haikukata pia, nayo ilikuwa na udhuru mzito kuliko wote: shaba yake ilisafiri kwa reli ya Rhodesia, makaa yake ya mawe yalitoka Wankie, na mitambo ya umeme ya Kariba ilikuwa upande wa Rhodesia wa mto Zambezi. Udhuru huo wastahili heshima. Hata hivyo udhuru ni kitu cha kutiwa katika mizani. Si mnyororo wa shingoni.

Atakaye kuthibitisha hayo na ailinganishe Zambia na Malawi. Nchi hizi mbili zilitiwa pamoja katika Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland kuanzia mwaka 1953 hadi 1963. Zote hazina bahari. Zote zilizungukwa, kwa upande mmoja au mwingine, na Wareno na walowezi. Malawi chini ya Hastings Kamuzu Banda ilifunga uhusiano wa kibalozi na Afrika ya Kusini mwaka 1967, ikapata mkopo wa kuanza kujenga makao yake makuu mapya Lilongwe. Zambia chini ya Kenneth Kaunda ilikataa kufuata njia hiyo, ikashika njia ya taabu: mafuta yakaletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kisha kwa bomba lililofunguliwa mwaka 1968, na baadaye ikajengwa reli ya kilomita 1,860 kwa mkopo wa China usio na riba, ambayo kazi yake ilikwisha mwaka 1975. Shamba lilikuwa moja, na upepo mmoja. Asemaye kwamba zote mbili zililazimika hana budi kueleza ni lazima gani iliyomwelekeza huyu kusini na yule kaskazini.

Mwenye hoja ya nyasi akishindwa hapa hukimbilia kibanda cha pili. Husema kwamba yaliyotendwa Dar es Salaam hayakutendwa na dola, bali na mtu mmoja mwenye moyo wa pekee. Palipo na mtu kama huyo dola huwa na uti wa mgongo, na pasipokuwa naye dola hurejea kuwa nyasi. Maneno hayo yana sura ya heshima kwa Nyerere. Kwa kweli ni uvivu ule ule uliobadili kanzu. Maana ikiwa dola ni mtu mmoja, basi waziri, balozi, mbunge, mhariri na mwalimu hawana kazi ila kupiga makofi yanapokwenda vyema, na kunyamaza yanapokwenda mrama. Wa kwanza alisema hapana aliyeamua. Wa pili asema ameamua mmoja tu, na huyo hahojiwi. Matokeo ya hoja zote mbili kwa mwananchi ni mamoja.

Tena si kweli. Katika habari ya Ujerumani mbili Nyerere hakuwa peke yake. Palikuwa na Unguja, chini ya Abeid Karume, ambayo ilikuwa na rai yake na haikukubali kupuuzwa. Palikuwa na jeshi lililovunjika kwa maasi ya Januari 1964 na lililohitaji walimu wapya. Palikuwa na hazina iliyohitaji fedha. Njia ya kati haikushuka kutoka katika kichwa kimoja. Ilitokana na mvutano wa watu wenye haja mbalimbali, na kila mmoja alipata kidogo na akakosa kidogo. Hivyo ndivyo maamuzi mengi ya dola yanavyozaliwa.

Hata tembo mwenyewe si mmoja. Oktoba 1962, Marekani ilipogundua makombora ya Urusi katika kisiwa cha Kuba, ulimwengu ulidhani kwamba Washington na Moscow zilikuwa watu wawili wanaotazamana macho. Ndani ya chumba cha John Kennedy palikuwa na wakuu wa majeshi waliotaka kushambulia, na washauri waliotaka kuzuia meli, na wengine waliobadili mawazo siku hata siku. Mambo yalipokwisha, palikuwa pametolewa ahadi ya siri ya kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Upande wa pili, Oktoba 27, ndege ya upelelezi ya Marekani ilitunguliwa juu ya Kuba kwa amri ya maofisa wa Kirusi waliokuwa kisiwani, bila ya idhini ya Moscow. Na siku hiyo hiyo, ndani ya nyambizi ya Kirusi yenye kombora la nyuklia, ofisa mmoja, Vasili Arkhipov, alipinga kulifyatua. Mwaka 1971 mtaalamu wa Kimarekani, Graham Allison, aliandika kitabu kuhusu siku zile, akaonyesha kwamba uamuzi wa dola haufahamiki kwa kuifikiria dola kuwa ni mtu mmoja mwenye akili moja: yapasa zitazamwe pia desturi za idara zake na mvutano wa wakubwa wake. Ikiwa dola yenye nguvu kuliko zote ni baraza la watu wanaobishana, kukosea na kubahatisha, kwa nini dola ya Kiafrika ihesabiwe kuwa ama ni mtu mmoja, ama si mtu kabisa?

Shahidi wa tatu ni mgumu, na kwa hiyo wapenda sifa humwacha nje ya baraza. Julai 1964, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Cairo, Tanzania ndiyo iliyotoa hoja kwamba mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni iheshimiwe na kila nchi. Hoja ikapita. Aprili 13, 1968 Tanzania hiyo hiyo ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria mwaka uliotangulia. Sababu zilitolewa kwa maandishi: maelfu ya Waigbo walikuwa wameuawa mwaka 1966, umoja wa nchi husimama juu ya ridhaa ya watu wake, na watu wasioweza kulindwa na dola yao hawawezi kulazimishwa kubaki ndani yake. Gabon, Ivory Coast na Zambia zilifuata. Nchi nyingine zote za Afrika zilikataa. Januari 1970 Biafra ikasalimu amri.

Je, uamuzi ule ulikuwa wa haki? Watu wema wamehitilafiana. Yuko asemaye kwamba ulikuwa sauti ya utu wakati watoto walipokuwa wakifa kwa njaa. Yuko asemaye kwamba uliwapa tumaini watu wasioweza kushinda, na hivyo uliurefusha msiba. Yuko aulizaye jinsi nchi iliyozaliwa kwa muungano wa nchi mbili ilivyoweza kubariki mtengano wa nchi nyingine. Maswali yote hayo ni halali, na ndiyo heshima ya kweli impasayo mwamuzi. Anayesema Tanzania ilisukumwa na tembo fulani hulifuta swali. Anayesema Mwalimu hakosei hulifuta vile vile. Uamuzi wa dhamiri wahitaji kuhojiwa sawasawa na uamuzi wa tumbo, kwa kuwa dhamiri ya mkubwa hulipiwa na wadogo.

Malipo hayo yalionekana wazi miaka kumi baadaye. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera na kuitangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Kuwafukuza wavamizi hakukuwa na mjadala mkubwa. Mwenye nyumba akiingiliwa na mwizi haitishi kikao. Lakini wavamizi walipokwisha kurudishwa nyuma ya mpaka, palikuwa na njia panda. Jeshi laweza kusimama mpakani, laweza kuendelea. Liliendelea, likapita Masaka na Mbarara, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Wapo wanaosema kwa fahari kwamba lile lilikuwa jambo jema kwa watu wa Uganda, na wana hoja. Wapo waliolaumu katika mkutano wa wakuu wa Afrika mjini Monrovia mwaka ule ule kwamba desturi ya kutoingilia dola nyingine ilivunjwa, nao wana hoja. Asiyekuwa na hoja ni yule anayesema kwamba Tanzania haikuwa na hiari tangu Kagera hadi Kampala. Njia ile ni ndefu mno kwa mtu kuipita bila ya kukusudia.

Hapa husimama mlinzi wa siri. Yeye hasemi dola ni nyasi, wala hasemi dola ni mtu mmoja. Husema kwamba siasa ya mambo ya nje ni bahari chafu, na kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Mazungumzo na dola nyingine yakitangazwa sokoni huharibika. Adui husikia, rafiki huaibika. Hoja hii ina uzito kuliko zile mbili, na haifai kujibiwa kwa dhihaka. Walakini methali yake yakataza nahodha wengi. Haikatazi abiria kuuliza chombo kinakwenda wapi. Lipo la kufichwa na lipo lisilofichika kwa haki. Mpango wa vita hufichwa kabla ya vita. Maneno ya balozi hufichwa wakati mapatano hayajafungwa. Lakini sababu ya uamuzi, baada ya uamuzi, si siri ya dola. Ni deni la dola. Desemba 14, 1965 sababu za kukata uhusiano na Uingereza zilisemwa mbele ya Bunge kabla ya tendo lenyewe, na chombo hakikuzama.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, yalipa Bunge uwezo wa kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake yahitaji kuridhiwa. Ni mlango mwema, lakini ni mlango mmoja wa nyumba kubwa. Kuitambua dola mpya si mkataba. Kukata uhusiano si mkataba. Kura ya Umoja wa Mataifa si mkataba, wala ukimya si mkataba. Na mambo mengi makubwa ya dola hupita katika milango hiyo mingine, ambako hapana bawabu.

Deni hilo lina upande wa pili, ambao wasomi wameufumbia macho. Yaliyosemwa katika chumba cha Kennedy yanajulikana kwa sababu yalirekodiwa, na miaka mingi baadaye kanda zile zikafunguliwa kwa watu. Yaliyosemwa Dar es Salaam juu ya Bonn, juu ya Rhodesia na juu ya Biafra, wanahistoria wameyafuata kwa sehemu kubwa katika majalada ya Berlin, London na Washington. Maana yake ni kwamba mjukuu wa mwamuzi, akitaka kujua babu yake aliamuaje, humwuliza balozi wa kigeni aliyekuwa akimsengenya babu yake katika barua zake za kwenda kwao. Haya si matusi ya tembo kwa nyasi. Ni uzembe wa mwenye nyumba asiyetunza hati zake, na akitunza huzifungia.

Pasidhaniwe kwamba mambo haya ni ya zamani. Machi 2, 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya azimio la kuilaani Urusi kwa kuivamia Ukraine. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, na 35 hazikuegemea upande wowote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na wanachama sita wakati ule. Kenya na Rwanda zilikubali. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini hazikuegemea. Ngano yao ilipanda bei pamoja, na mafuta yao pia. Tembo walikuwa wale wale. Kura hazikuwa zile zile. Mara barazani na magazetini ikatolewa ile methali, nayo ikawaeleza waliokubali na wasioegemea kwa maneno yale yale. Neno linaloeleza jambo na kinyume chake halielezi kitu. Huenda kutoegemea kulikuwa na busara ya nchi iliyokumbuka nani aliyeisaidia katika ukombozi. Huenda kukubali kulikuwa na busara ya nchi iliyojua hatari ya mipaka kubadilishwa kwa mabavu. Yastahili kusemwa na kupingwa kwa sababu, katika Bunge na katika lugha ambayo mkulima aielewa.

Kinachodaiwa basi si kikubwa. Kila uamuzi mzito wa mambo ya nje na uelezwe kwa Kiswahili, katika kauli ya kutenda, na jina la mtenda liwepo. Njia zilizokataliwa zitajwe pamoja na iliyochaguliwa, ili wananchi wajue bei ya kila moja. Majalada yafunguliwe muda wake wa kisheria ukitimia, yasingoje fadhili ya mtu. Na walimu wa historia waache kuwafundisha watoto kwamba nchi yao ni majani ya kukanyagwa. Maana mtoto aliyelelewa kwa neno hilo, siku atakapoketi katika chumba cha maamuzi, hatakumbuka kwamba ana ulimi.

Tembo wapo, na watapigana tena. Nyasi zitaumia kama zilivyoumia. Lakini nyasi hazina Bunge, hazina mabalozi, wala hazina hazina ya fedha ya kutoza kodi. Aliye na vitu hivyo, na bado akajiita unyasi siku ya kutoa hesabu, hastahili huruma. Aulizwe tu swali lile la mwalimu wa sarufi: nani aliyeamua?